Upande wa Chini wa Piza

Kila asubuhi, kabla hata ya kufunga aproni, Bi Geuza hufunua beseni la unga alioukanda jana yake, huzamisha kidole mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kisha hukitoa na kungoja. Shimo likijifuta upesi, unga bado. Lisipojifuta kabisa, umepitiliza. Likipanda polepole, kama mtu mzima anayeinuka kitini, huufunika tena akaenda kuwasha tanuri. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika mgahawa mmoja jirani na stendi ya mabasi. Jina la utani alilipatia hapohapo, kwa sababu hawezi kula kipande cha piza kabla hajakigeuza atazame chini. Uso wowote ukipakwa poda hupendeza, husema. Nyayo ndizo zisizodanganya.

Mwenye mgahawa alipofariki, mwanawe alishika usukani. Huyu alikuwa na haraka zake. Alitaka mikate ya duara iliyookwa nusu kiwandani ikagandishwa, ya kumwagia sosi na jibini tu na kusukuma tanurini. Bi Geuza alipoomba ruhusa ya siku tatu akamsalimie kaka yake katika jiji la mbali, bosi alimjibu mbele ya wahudumu kwamba vyema, aende akafumbuliwe macho, maana huko hakuna anayejichosha kukanda. Akimletea picha ya mgahawa mmoja tu unaokanda wenyewe na kutoa piza nzuri, beseni lake halitaguswa. Asipoleta, Jumatatu maboksi yanaingia na beseni linakwenda stoo.

"Na kama hutaki, mama," akamalizia, "mlango unaujua."

Bi Geuza aliendelea kukata nyanya. Keshoye akapanda basi.

Kaka yake aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza kama amekuja kumsalimia yeye au kusalimia mikate. Hata hivyo alimpa binti yake amsindikize. Binti huyo alikuwa amemaliza chuo mwaka uleule, msichana wa maneno machache, anayeweza kusoma kitabu kizima kwenye foleni asijue foleni imesogea. Lakini mitaa aliijua, na simu yake ilikuwa na kamera nzuri.

Mgahawa wa kwanza ulikuwa ghorofa ya nne, na viti vya ngozi. Bi Geuza aligeuza kipande. Chini kilikuwa cheupe kama kiganja kilichoshinda kwenye maji ya kufulia. Katika wa pili mhudumu aliapa kwamba mpishi anakanda kwa mikono yake. Bi Geuza akauliza amekanda saa ngapi. Sasa hivi tu, mama, ulipoagiza, akajibiwa kwa fahari.

"Maskini unga huo," alisema Bi Geuza, akaweka uma. "Hata jicho haujafumba."

Katika wa tatu aligeuza kipande, akakisogeza kwenye mwanga. Chini yake palikuwa na vitobo vidogo vya mashine vilivyopangwa kwa mistari, na vitobo hivyohivyo alikuwa ameviona kwenye ule mgahawa wa ghorofani. Mama mmoja, akamwambia binti, boksi moja. Simu ikarudi mkobani bila kupiga picha.

Jumapili, saa chache kabla ya basi la kurudi, waliingia kwenye chumba chenye meza tano nyuma ya duka la matairi. Mpishi, mzee mwenye kofia iliyofifia, alimwona Bi Geuza kupitia kidirisha cha jikoni akigeuza kipande, akatoka huku anajifuta mikono.

"Wewe ni wa kazi hii," alisema.

Aliwakaribisha jikoni na kufungua friza bila kuficha. Maboksi yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Alikuwa amekanda miaka kumi na miwili, akawaeleza, kisha wenye mali wakamchosha akakubali. Chini ya meza beseni lake lilikuwepo bado, limejaa vitunguu. Akasikiliza kisa cha Bi Geuza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Zunguka jiji zima, dada, boksi ni hilohilo. Lakini unga wa kunyunyizia meza ninao. Kanda moja hapa, tuoke, binti atupige picha. Nitasimama nayo nicheke. Nani atajua?"

Binti alikwisha kutoa simu. Bi Geuza aliutazama ule unga, na vidole vyake vikajikunja vyenyewe. Bila picha, hana beseni. Hilo alilijua vizuri kuliko wote mle ndani.

"Nimekuja kutafuta piza, kaka," alisema. "Sikuja kuitengeneza."

Akainama, akalivuta beseni, akavimwaga vitunguu vyote kwenye ndoo. Akalipangusa kwa upindo wa nguo yake na kuliweka juu ya meza, katikati, mbele ya mzee. Mzee alianza kucheka, kisha akaacha, akabaki ameshika ukingo wa beseni.

Stendini, abiria walikuwa wakipakia mizigo. Binti, ambaye kwa siku mbili hakuuliza lolote, alimshika shangazi yake mkono kwenye mlango wa basi.

"Shangazi, kesho utamwambia nini?"

"Kwamba sikuipata," alisema Bi Geuza. "Nitamwambia huku nakanda."