Madaftari Niliyoyakalia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumamosi. Jua limesimama juu ya mawe ya Nyarero, mimi nimekaa kizingitini kwa baba nachambua maharage, na chini yangu, nimeyakalia, kuna madaftari sita ya shule. Nitakueleza nilivyofika kuyakalia. Ila kwanza tuelewane.

Nasaha ni kazi ya wazee, najua. Mimi mvi sina, na uvumilivu wa wazee sina kabisa. Lakini jana ulirudi kutoka shule unacheka, ukaniambia, "Mama, leo nimemwaga uji! Robi alinywea kikombe changu. Yule ambaye baba yake ni bibi!" Ukataka na mimi nicheke. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Wewe ukalia, na hukuelewa lolote. Ndiyo maana leo naandika. Una miaka tisa na Kiswahili unakisoma vizuri; neno likikushinda, niulize. Wasichana wengine wakiisoma karatasi hii, wasome tu. Wapo wanaoihitaji kuliko wewe.

Nianze na hicho kilichokuchekesha. Nyumba ntobu unaijua kama tusi tu. Ni hivi: kwetu Wakurya mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anamleta msichana nyumbani kwake, na watoto wanaozaliwa wanabeba jina la nyumba ile ili isizimike. Sisemi ni desturi tamu. Wapo wasichana waliosukumwa humo kama mbuzi wa mnadani, na hilo nalo linanichemsha damu. Lakini mtoto aliyezaliwa humo kakosa nini? Na wewe, kabla hujamcheka Robi kwa ajili ya baba, hebu niambie: wa kwako aliyeko machimboni Genkuru akisaga mawe ya dhahabu umemwona mara ngapi mwaka huu? Nyani haoni kundule.

Robi ni mtoto wa Ghati. Na Ghati alikuwa rafiki yangu.

Sekondari tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mzee aliyekaribia kustaafu, aliyekuwa na kitabu kisicho na jalada. Riwaya ya Uingereza, ya zamani sana, karne ya kumi na tisa. Haikuwemo kwenye mtihani. Ijumaa, kipindi cha mwisho, alitusomea kurasa chache na kututafsiria, maana Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji. Ilituchukua zaidi ya mwaka. Habari yake ni ya msichana mtumishi aliyepata mimba. Mwanaume akaondoka zake, na mji mzima wa watu wanaokwenda kanisani ukamkataa msichana. Mle ndani mna mchungaji anayewaogopa waumini wake. Mna mama tajiri anayewapa maskini nguo lakini hataki wamguse. Mna jirani anayeujua ukweli wote, akanyamaza. Mwalimu alikuwa akivua miwani yake na kusema, "Hawa watu mnawajua. Wabadilishieni majina, muwape na ng'ombe wawili watatu, mtawakuta njiani mkirudi nyumbani."

Sisi tulicheka. Ghati hakucheka, aliuliza. "Mwalimu, na yule mwanaume? Mbona hakuna anayemsema?"

Kabla kitabu hakijaisha, tukiwa kidato cha tatu, Ghati naye akapata mimba, kwa dereva mmoja wa bodaboda. Dereva akavuka mpaka wa Sirari, akaingia Kenya. Baada ya mwaka alirudi, akafungua duka la simu, na watu wakamsifu kwa kuchakarika. Ghati alifukuzwa shule, na baba yake akamwoza kwa Bibi Matinde, ng'ambo ya mto, mjane asiye na mtoto. Ndivyo Robi alivyozaliwa katika nyumba ntobu. Na mimi, niliyekuwa wa pili darasani miaka yote, nikawa wa kwanza. Hilo liweke akilini.

Ijumaa ya mwisho mwalimu alitusomea jinsi yule msichana, mtoto mgongoni, anavyotembea mtaa mzima wa kanisa kwenye mvua ya baridi akipiga hodi. Kila mlango una mtu, na kila mtu ana sababu nzuri. Tulilia darasa zima. Mwalimu akafunga kitabu, akauliza, "Nani kati yenu angefungua?"

Mikono yote ikapaa. Mimi niliinua miwili.

Kesho yake ndiyo Jumamosi ninayokuambia. Nilikuwa na wenzangu wawili wa darasani, tunachambua maharage na kusengenya watu. Madaftari yangu yalikuwa kando. Nikasikia, "Hodi hapa!"

Alikuwa Bibi Matinde na fimbo yake, na nyuma yake Ghati, Robi kamfunga mgongoni. Mwenye malezi angesimama, angeamkia, angeleta kigoda. Mimi niliwaona wenzangu wanagongana viwiko, nikabaki nimekaa.

"Shikamoo," nikasema, kama mtu anayefukuza nzi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba yupo?"

"Ameenda mnadani."

"Si neno. Leo tunakutaka wewe."

Ghati akasogea. "Bibi ameniandikisha mtihani wa kidato cha nne, ule wa kujitegemea. Vitabu nimepata, ila notisi sina tangu nilipotoka. Niazime madaftari, hata wiki moja tu. Nitanakili haraka."

Kumbe yule bibi asiyejua kuandika hata jina lake ndiye aliyekwenda kumwandikisha. Baba mzazi wa Ghati alikuwa amekataa. Sikulifikiria hilo hata dakika moja. Nilichosikia ni mwenzangu mmoja akinong'ona kwa sauti ambayo hata mbuzi walisikia: "Mke wa mtu anataka kusoma. Mume mwenyewe huyo hapo, ana fimbo!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ghati alitazama chini. Alikuwa bado anasubiri jibu langu. Neno moja tu, mwanangu: karibu. Wale wawili wangefunga midomo. Ndani yangu nilikuwa nimeshafanya hesabu ya aibu: huyu akipata notisi hizi atanipita tena, hata kama analea. Nikaburuta madaftari chini ya kanga yangu taratibu, nikayakalia.

"Madaftari yako shule," nikasema. "Mwalimu ameyakusanya."

Pembe ya daftari moja ilikuwa imechomoza kwenye kanga. Ghati aliiona. Nilimwona akiiona.

Hakubisha. Alimpandisha Robi vizuri mgongoni, akasema, "Sawa." Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akauliza, "Basi niambie tu. Yule dada wa kwenye kitabu. Alifunguliwa?"

"Kasome mwenyewe," nikamwambia.

Bibi Matinde ndiye aliyesema. Alisema kwa Kikurya, polepole, bila kupandisha sauti, na mpaka leo nayasikia. "Wewe omoiseke, msichana wewe, nilidhani shule inawafundisha watoto wetu. Kumbe inawavisha sare tu." Akageuka. Hatua mbili tatu, akasimama tena. "Marehemu mama yako asingenisimamisha uani bila kigoda."

Wakateremka kuelekea mtoni. Wenzangu walikuwa bado wanacheka. Mimi nilijidai naendelea na maharage, lakini nilikuwa natupa mazima na kubakiza mabovu.

Ghati aliingia kwenye mtihani bila notisi za mwaka mzima. Alifeli. Mimi nilifaulu, nikajitapa, na kufaulu kwenyewe kumenipeleka wapi? Nipo hapa hapa, nakuna kichwa karo yako itoke wapi. Sikupata hata hicho nilichokuwa nakilinda. Ghati anauza udaga, ule muhogo mkavu, gulioni; unamjua, yule anayekuongezea kipande kila nikikutuma. Tukikutana ananiambia, "Mwalimu, hujambo?" kwa sababu shuleni nilikuwa nasema nitakuwa mwalimu. Hanikejeli. Angenikejeli ningepumua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja wajukuu, yamekuja na mtoto, na kikombe cha uji mkononi. Nilipokusikia jana, sikukukasirikia wewe. Nilijisikia mwenyewe, sauti ile ile, kicheko kile kile. Mahali gani umekiokota kicheko hicho kama si humu ndani? Ni mara ngapi nimewacheka watu hapa jikoni ukiwa unanisikiliza? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kofi la hilo ni langu.

Kwa hiyo nisikilize. Kulia kwa ajili ya mtu wa kitabuni si wema, mwanangu. Ni rahisi, hakukugharimu kitu, na huyo mtu hatakuja kukuomba daftari. Tabia yako utaijua siku mwenye shida anaposimama uani kwenu, wenzako wanatazama, na wewe una kitu alichokuja kukitafuta. Usiulize watu watasema nini. Watasema, hiyo ndiyo kazi yao. Na ukijikuta unatafuta sababu nzuri ya kumnyima mtu, chungulia chini ya hiyo sababu: mimi nilipochungulia niliukuta wivu. Mtoto usimhukumu kwa mlango aliotokea, hakuuchagua yeye. Na mzee akifika, simama, leta kigoda, hata kama dunia nzima inamcheka. Hasa kama dunia nzima inamcheka.

Jumatatu utamkaribisha Robi uji kwenye kikombe chako, mbele ya wale wale waliocheka. Aanze yeye, wewe umalizie. Akikataa, usimlazimishe. Mwambie pole, na kesho yake umkaribishe tena.

Kesho tunavuka mto, mimi na wewe. Utabeba kigoda cha bibi yako, mama yangu, kile cha miguu mitatu, tumpelekee Bibi Matinde. Macho yake sasa hayaoni vizuri, atakipapasa, atakijua. Mimi nitabeba maneno niliyomnyima Ghati. Nitamwambia: alifunguliwa. Mchungaji hakufungua, wala yule mama tajiri. Mlango wa mwisho kabisa, nje ya mji, alifungua mfuaji nguo mzee asiyejua kusoma, mikono imebabuka kwa sabuni. Hakumuuliza mtoto ni wa nani. Alimsogezea kigoda karibu na moto.

Na Jumamosi ile, mwanangu, mfuaji nguo alikuwa amesimama uani kwetu na fimbo yake, nami nimekaa, sikumtambua.

Huenda Ghati asitufungulie. Ana haki. Tutapiga hodi, tutasimama nje, na hatutanung'unika.

Mungu akupe macho ya kumtambua mtu akiwa bado uani. Akupe miguu myepesi ya kusimama, na mkono usiojua kuficha. Wakuite mwoga wa kila kitu kingine, lakini wasikuite mwoga wa kusema karibu. Na siku ukiwa wewe ndiye unayepiga hodi, mtoto wangu, mlango wa kwanza uwe na mtu aliyelelewa kuliko nilivyokulea mimi.