Jina la Hester Wadgate

Harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, ikichanganyika na ya makoti ya sufu yaliyolowa mvua, hunirudisha katika chumba kimoja kirefu cha kumbukumbu za kale katikati ya London, ambako nilishinda Jumamosi nyingi za utoto wangu kando ya baba yangu. Kalamu za wino zilikatazwa mle, na chakula, na kelele. Watu wazima waliinamia mashine za kusomea filamu, nyuso zao zikiangazwa na mwanga wa rangi ya maziwa, wakizungusha mkono wa mashine taratibu, na kurasa za vitabu vya kanisa zikiwapita kama mashamba yanavyompita mtu aliyekaa dirishani kwenye treni. Mimi nilidhani wote wale wamepotelewa na kitu. Sikukosea sana.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nasi tulikaa Walthamstow, karibu na soko, pale ambapo kelele za wauza matunda zilikuamsha kabla ya saa ya kengele. Baba alikuwa Mwingereza, fundi wa mabomba ya maji. Mama alikuwa Mpare wa Usangi. Walikutana huko milimani, Baba alipokwenda kufunga mabomba ya mradi wa maji, akarudi na malaria, Kiswahili cha kuchechemea, na mke. Ndivyo alivyopenda kusimulia, kwa mpangilio huo huo, na kila mara Mama alimchapa kwa kitambaa cha jikoni.

Majira yale ya baridi Mama alikuwa mjamzito. Mimi nilipewa jina la mama yake, Namkunda, na kila aliponisuka nywele alinitajia waliokuja kabla, jina baada ya jina, mpaka nikasinzia magotini pake. Jioni moja, akimenya ndizi za kupika, alimwambia Baba, "Huyu ni zamu yako, Baba Namkunda. Jina litoke kwenu."

Baba alicheka kidogo. "Kwetu hakuna majina."

"Hakuna kwao pasipo na majina."

Lakini kwake ilikuwa hivyo. Baba yake, Len, alifariki Baba akiwa bado mtoto, na bibi yangu wa Kiingereza, tuliyemwita Nana, akiulizwa habari za ukoo wa mumewe alisema tu kwamba walikuwa watu wa mashamba, kisha akaongeza sauti ya televisheni. Baba hakulala vizuri usiku ule. Jumamosi iliyofuata, Mama alipokwenda zamu yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Baba alinivisha koti, tukapanda treni kwenda kutafuta jina.

Sijui niwaelezeje utamu wa siku zile. Chumba kilikuwa na joto la kusinzisha. Baba alinong'ona majina aliyoyaona, akina John, akina Susannah, watoto waliobatizwa na kuzikwa ndani ya ukurasa mmoja, nami niliwafuata nusu ndotoni, nikiwavisha nguo na kuwapa mbwa. Aliniuliza kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa aina yangu, na wala hatukuona ajabu.

Karibu na mwisho wa baridi, mkono wake ulisimama. Alikuwa ameupata ubatizo wa babu yake, yaani baba yake Len, katika kanisa moja la mashariki ya London. Jina la mama: Hester Wadgate, mtumishi wa ndani. Mahali pa jina la baba palikuwa patupu.

"Baba yake yuko wapi?" niliuliza.

"Hakuandikwa," alisema. Alipagusa pale patupu kwenye kioo, kama mtu anayefuta vumbi. Jina letu la ukoo, kumbe, lilitoka kwa mwanamke peke yake.

Wadgate si jina la kila mtaa. Baba alitafuta wasia za watu wenye jina hilo, akampata mkulima mmoja wa Suffolk, akaleta nakala nyumbani. Tulikaa mezani sote watatu, mvua ikipiga kwenye kioo, naye akatufasiria polepole. Mzee yule alimwachia mkewe godoro la manyoya ya bata. Wanawe wa kiume aliwaachia jembe la kukokotwa, farasi jike, na shamba la kando ya kijito. Mwisho kabisa: "Na kwa binti yangu Hester, birika la shaba, kama atarudi nyumbani."

Mama aliweka kikombe chini. "Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Alirudi?"

"Sijui," alisema Baba. Uso wake uling'aa. "Lakini tumelipata jina, Mama Namkunda. Akiwa wa kike, ataitwa Hester. Ni jina zuri."

"Sijasema ni baya. Nimeuliza kama alirudi. Mwanangu hapewi jina la mtu aliyefia njiani." Akainuka, akaosha sufuria iliyokuwa safi tangu mchana.

Mimi nilidhani ni mambo ya ujauzito. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona akilia kwa sababu ya tangazo la sabuni.

Tulikwenda Suffolk majira ya machipuo, tumbo la Mama likitangulia mbele yetu. Kijiji kilikuwa na nyumba chache, kunguru wengi, na kanisa la mawe madogo madogo ya kijivu, na kuzunguka pote mashamba yenye maua ya njano makali hata nikaona njano nilipofumba macho. Mama mmoja wa Kiingereza mwenye buti za tope alitufungulia mlango. Alikuwa mtunza funguo za kanisa. Alimsemesha Mama kwa upole na kwa sauti kubwa, kana kwamba hasikii.

"Na ninyi mmetoka wapi?"

"Walthamstow," alisema Mama.

"Hapana, namaanisha asili yenu."

Baba yangu hakuwa mtu wa ugomvi. Alikuwa akiwaomba radhi hata watu waliomkanyaga. Siku ile aliniweka mkono kichwani na kusema, "Hapa. Sisi ni akina Wadgate."

Yule mama aliiva mashavu. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, nywele zangu, pua yangu, kisha akafungua sanduku la chuma bila kusema zaidi, akatoa daftari la maziko ambalo bado lilitumika. Alifunua kurasa mwenyewe, kidole kikishuka. Mama alikataa kukaa.

"Huyu hapa," alisema yule mama wa funguo. "Hester Wadgate, wa parokia hii. Alikuwa mzee."

"Wa parokia hii, maana yake nini?" aliuliza Mama.

"Kwamba makazi yake yalikuwa hapa. Angeletwa kuzikwa tu, wangeandika mahali alikotoka."

Mama alishika mgongo wa benchi. "Alirudi," alisema kwa Kiswahili, wala hakuwa akimwambia yeyote kati yetu.

Hapakuwa na jiwe. Yule mama alituonyesha upande walikolazwa akina Wadgate, majani marefu tu na maua meupe. Mama akatuomba tumpishe. Alipiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya majani, akaanza kuzungumza Kipare, chini kwa chini, muda mrefu. Baba na mimi tulikaa ukutani tukila mikate ya mayai.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Sijui. Kipare changu kinaishia kwenye mabomba."

Mdogo wangu alizaliwa kiangazi, akaitwa Hester. Mwaka uliofuata tulikwenda Usangi kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba hatuendi kwa sababu ni mbali. Nakumbuka ukungu migombani, na Mama akisimama katikati ya njia, hataki kusogea, mpaka Babu, baba yake Mama, akatoka mwenyewe nje, kofia mkononi. Alimpokea mtoto, akauliza jina lake.

"Hester."

"Hesita," alisema Babu.

"Hester, baba."

Akajaribu tena, na tena, naye Mama akamsahihisha huku machozi yakimtiririka. Mimi nilidhani analia kwa sababu Babu ameshindwa kulitamka.

Nilikuwa mtu mzima, nikingoja mtoto wangu wa kwanza, ndipo nilipomuuliza Mama alisema nini kaburini siku ile. Aliendelea kukunja nguo. Akaniambia kwamba siku alipoondoka na Baba, Babu alimwambia asirudi, na kwamba miaka yote ile hakuwa amerudi.

"Nilimwambia Hester wa kaburini, mama mkwe, nipe jina lako. Na kama unakumbuka ulisema nini ulipofika mlangoni, nifundishe."

"Na wewe, ulipofika mlangoni kwa Babu, ulisema nini?"

"Mimi?" Alikunja shati la mwisho, akalilaza juu ya mengine. "Sikusema kitu. Nilimpa mtoto."