Mwanasha na mtawa aliyefumba macho

Saa moja asubuhi, kengele ndogo inalia kwenye ua wa hekalu la Wahindu, Lindi mjini. Mwanasha Shamte anaacha fagio hapo hapo, anaingia stoo na kurudisha mlango. Mwandishi wa makala haya, naye mwanamke, anajibanza pembeni yake.

Kengele maana yake watawa wanapita. Watawa wa jumuiya hii wameapa kutomtazama mwanamke, kutozungumza naye wala kuguswa naye maisha yao yote.

"Nimezoea," ananong'ona akiwa amekalia ndoo iliyofunikwa. "Mwaka wa kumi na moja huu. Wakishapita natoka, naendelea na kazi."

Mwanasha (44), mzaliwa wa Milola, hufagia ua, hupiga deki ngazi na kutunga maua ya ibada. Kwa mshahara wa shilingi 160,000 kwa mwezi anasomesha mabinti wawili.

Kilichomvuruga akili kilitokea Machi mwaka huu, siku mlinzi, Pazi, alipogonga kengele kisha akatoka kutafuta bajaji. Mtawa mgeni, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akatoka peke yake.

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza deki ya ngazi, nikakimbilia stoo. Nikasikia puu! Halafu kimya," anasimulia. "Nikamwita Pazi mara tatu, haitiki. Kuchungulia, mzee wa watu ameteleza, yuko chini ya ngazi, damu inamtoka kwenye paji la uso."

Alivua mtandio wake, akamfunga kichwa na kumwegemeza begani. Mtawa akafumba macho.

"Nilidhani anakata roho. Nikaanza kumwombea dua. Kumbe anafumba asinione!"

Mzee alishonwa nyuzi nne, akapona. Lakini siku ile na ya pili yake hakutia kitu mdomoni. Ndivyo kanuni inavyomtaka mtawa aliyeguswa na mwanamke.

"Mwenye jeraha ndiye anafunga, na aliyelowesha ngazi ni mimi," anasema Mwanasha. "Nikajiuliza, mimi nina uchafu gani?"

Swali hilo alilipeleka kwa Bi Kusum, mke wa mwenyekiti wa kamati ya hekalu.

"Shikamoo mama. Nimemharibia yule mzee ibada yake?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kile ni kiapo chake, si uchafu wako," Bi Kusum alimjibu. Akamweleza kuwa penye hatari ya maisha kanuni hulegezwa, ila mzee alichagua mwenyewe kufunga.

Kisha akaongeza, "Mimi niko hapa miaka thelathini na moja. Ninawapikia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jambo. Unadhani mimi huwa silii?"

Siku mtawa anaondoka, alimwachia Pazi ujumbe: "Mwambie mama yule Mungu ampe heri. Na mwambie asirudie tena."

Mwanasha anacheka, kisha anaacha. "Sasa hapo nishike lipi? Heri, au nisirudie?"

Kule Milola, dada yake alimtaka aache kazi. Mama yao, Bi Adija, alikataa. "Ungemwacha anatokwa damu, hiyo ndiyo ingekuwa dhambi," alimwambia.

Hata hivyo hajatulia. Msikitini kwake nako wanawake husali nyuma ya pazia, na ustadhi hampi mkono. "Sikuwahi kulifikiria hilo. Siku hizi nalifikiria. Hii ni heshima, au ni kuogopwa? Na kama naogopwa, nimefanya nini? Sijui, dada yangu. Kweli sijui."

Mwezi ujao mzee huyo anatarajiwa kurudi kwa sikukuu. Mwanasha ameiomba kamati iweke mwanamume uani kila watawa wanapotoka. Wamemwambia watalifikiria. Mwenyewe ameshashona magunia ya kutandika kwenye ngazi, zisiteleze.

Na akianguka tena na hakuna mtu? mwandishi anamuuliza.

Anaokota fagio lake.

"Nitamwita Pazi mara moja tu, si tatu. Asipoitika, nakwenda," anasema. "Mzee akifunga, nami nitafunga naye."