Boneti Iliyozaa Kalibu Yake

Watu wote wa habari hii nawakumbuka kwa majina, na majina ya baba zao, lakini wengi wamelala, basi niwaache walale.

Kitindamimba wangu alikuwa ameajiriwa Mombasa, akiunda mashua za faiba. Baada ya ile mvua kubwa iliyotufukuza mashambani, alirudi Garsen na kitambaa cheusi cha kaboni, kimesukwa kama mkeka, na kazi yake mwenyewe ya kwanza: boneti tatu za magari ya mashindano. Mwenye magari alisema, nionyeshe moja kwanza. Isipofaa, mwanangu angerudi kwenye mashua za watu.

"Kwani viwanda vya Ulaya vimefungwa?" nikamuuliza.

"Tatu tu hawataki hata kuzisikia, mama. Kalibu ya kutolea umbo inakula kazi ile ile, utoe moja au utoe elfu."

Nami nilidhani kitambaa ndicho kinachokula fedha. Akaijenga hiyo kalibu kwa plasta, akaisugua wiki kwa wiki hadi ikawa laini kama kibuyu cha maziwa.

Ndani ya kalibu hupakwa nta ili kitambaa na gundi yake visishike. Nta iko Mombasa, na barabara imekatika. Jirani yangu Mworma akaleta samli. "Paka hii, mwanangu. Kwangu haijashikisha kitu."

Akapaka, akatandika kitambaa, akakilowesha gundi, akafunga vyote katika chumba cha mabati, jua la Garsen liwe tanuri.

Lo, plasta iliinywa ile samli yote. Siku ya kufungua, boneti haikubanduka. Mwanangu akachukua nyundo.

"Samli yangu imegeuka saruji," jirani akasema taratibu. Mwanangu ndiye aliyecheka kwanza.

Aligonga kalibu, si boneti. Kazi ya wiki zote zile ikaanguka chini kama maganda ya yai. Boneti ikabaki nzima, nyeusi, inang'aa.

"Na mbili zilizobaki?" nikamuuliza.

Alingoja mjomba wake alete nta ya nyuki kwa mtumbwi kutoka Ozi, akaipaka boneti yenyewe, akamwagia plasta mbichi juu yake. Ilipokauka ikaachia bila nyundo, nayo ni kalibu mpya. Nilikaa chini. Mtoto amemzaa mama yake, mbele ya macho yangu.

Barabara ilipofunguka, niliibeba boneti kichwani hadi stendi. Maisha yangu yote nimebeba maji, kuni na mpunga, lakini siku hiyo kila hatua nilipeleka mkono juu kuhakikisha haijaanguka, maana kichwa hakikusikia uzito.

"Mama umebeba kivuli?" jirani akaniuliza kwa nyuma.

Mwenye magari alikuwa akitungoja stendi. Aliiinua kwa vidole viwili, akaigeuza. Kisha akauliza, "Zile mbili lini?"

Mwanangu akanitazama. "Muulize mama. Yeye ndiye mchukuzi."