Toa Nafas

Wakati wa vita nilikaa Gudele, mtaa wa Juba, na shahada yangu, bila kazi. Kitu pekee nilichopewa kufanya mwaka ule kilikuwa ubeti wa kuimba peke yangu kanisani Jumapili, na hata huo niliogopa kunyang'anywa, kwa sababu kila mazoezi pumzi ilinikatikia kwenye mstari wa mwisho.

Mwalimu wetu wa kwaya, mama aliyerudi kutoka Uganda na kuuza unga soko la Jebel, alituzungusha kanisa kwa miguu haraka haraka kabla ya kuimba, kisha akatulaza kwenye mikeka, mikono juu ya tumbo. Wote tulikuwa tumechoka.

"Mama, tumetoka kuchota maji sasa hivi," alinung'unika mmoja wa sauti ya nne. "Hayo si mazoezi?"

"Kama jerikeni inafundisha kuimba, Juba yote ingekuwa kwaya. Lala."

Zamu yangu ilipofika nikaimba, nikakwama palepale. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Wewe, toa nafas. Toa nafas."

Mimi nililelewa Kenya. Nilisikia "toa nafasi". Nikatoka mstarini, nikaenda kukaa benchi la mlangoni, nikianza kupanga sababu: wamepata mwenye sauti nzuri zaidi, Kiswahili changu kinawachosha, labda waliamua tangu wiki iliyopita na kila mtu anajua isipokuwa mimi.

"Mbona umekaa? Unaumwa?"

"Umesema nitoe nafasi, Mama."

Yule wa sauti ya nne alicheka mpaka akakohoa. "Nafas, dada. Kiarabu. Pumzi."

Mwalimu hakucheka. Alikuja akaweka kiganja chini ya mbavu zangu. "Wewe unavuta, unavuta, hutoi. Kifua imejaa kama gunia. Hewa mpya itaingia wapi?"

Ilikuwa kweli. Tangu risasi zianze nilikuwa nikivuta pumzi na kuishika ili nisikie vizuri. Sikukumbuka kuiachia. Akanilaza tena mkekani, nikaitoa polepole kwa "sss" ndefu, mpaka tumbo likabonyea na mabega yakashuka. Nikasinzia kidogo.

Jumapili, kabla ya mstari wa mwisho, ndege ya mizigo ilipita juu ya paa ikielekea uwanjani. Kifua kikakaza kusikiliza. Nikatoa pumzi yote kwanza, nikaacha mpya iingie, nikaimba. Sauti ilitetemeka, lakini mstari ulifika mwisho.

Baada ya ibada tukachukua majerikeni.