Ngoma Yetu na Ndoo ya Modena

Miaka ile mitumba ilipoanza kufika hadi ufukweni kwetu, nilikuwa nafundisha historia kidato cha pili. Siku moja nikawasimulia wanafunzi vita vya miji ya Italia ya zamani: jinsi Modena na Bologna, majirani kabisa, walivyouana, na Modena wakaondoka na ndoo ya kisimani ya wenzao. Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Binti wa dawati la mbele akauliza kama ndoo ilirudishwa. Nikasema hapana, iko kule mpaka leo. Darasa zima likaniangalia kwa huruma.

Walijua. Ngoma yetu kubwa, ile wanawake wa mwambao wa ziwa tunayochezea dansi yetu ya kioda, ilikuwa kwenye kijiji cha jirani kwa mwaka wa tatu. Walitushinda kwenye mashindano, wakaibeba kwa utani, na utani ukaota mizizi. Sisi tukabaki kupiga debe la bati badala yake. Mama yangu, kwini, yaani kiongozi wa kikundi, aliapa hatacheza tena mpaka irudi. Kiapo hakizeeki, lakini magoti yake yalikuwa yanazeeka, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu ya Pasaka tukawafuata kwao. Makubaliano yalikuwa mafupi: tukishinda, tunaondoka nayo. Wao walivaa magauni meupe ya mitumba, soksi hadi magotini. Sisi kanga zilizopauka. Debe letu lilipolia, watu walitucheka waziwazi.

Ilipofika zamu yao, kiburi kikawaponza. Wakaitoa ngoma yetu, waipige mbele ya macho yetu. Mama alikuwa amekaa mkekani. Alisikia mapigo matatu, akavua ndala, akainuka. Nasi tukainuka nyuma yake. Tulicheza palepale pembeni bila kuruhusiwa na mtu, na uwanja mzima ukatugeukia. Mpigaji wao akaanza kufuata miguu ya mama, akawasahau wenye magauni, na wanawake wao wenyewe wakapiga vigelegele.

Mwamuzi, katekista wa kijiji cha tatu, hakushauriana na yeyote.

"Chukueni chenu, mama zangu," akasema.

Mama aliibeba kichwani mwenyewe njia nzima, akikataa kupokewa. Nilitembea nyuma yake nikilia kwa furaha, mtu mzima na shahada yangu ya ualimu.

Shule ilipofunguliwa, yule binti wa mbele akanyoosha mkono kabla sijaandika hata tarehe ubaoni.

"Mwalimu, kwani wale wa Bologna hawakuwa na mama zao?"