Matanga ya Mlinzi wa Bwawa

Binti yangu alianza kunipigia simu kila Jumapili kwa sababu ya shule, si kwa sababu ya kunikumbuka. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nami nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimkwepa baba yangu ndani ya nyumba moja, sembuse huyu ambaye kati yangu na yeye kuna jimbo zima la Ohio na zaidi. Yeye yuko Buffalo na mama yake. Mimi niko Louisville, upande wa Shively, katika fleti ya juu yenye sofa moja na viti viwili, na kimoja kati ya viti hivyo ni cha kuwekea nguo.

Zamani tulikaa watatu Columbus, hukohuko Ohio, karibu na Morse Road yenye maduka ya Waafrika, mahali ambapo ukikosa unga wa ugali basi ni uvivu wako tu. Nilikuja kusoma, nikaoa, akazaliwa yeye. Kisha ndoa yetu ikaisha kama sabuni, kidogo kidogo, hakuna aliyeona siku gani. Mama yake akapata kazi ya uuguzi Buffalo, mimi nikapata ya kupanga safari za malori huku Kentucky. Nikienda kumwona binti lazima nipitie Columbus. Huwa sisimami. Najaza mafuta kabla sijafika, nikapita moja kwa moja.

Kabla ya Amerika nilikuwa mwalimu wa fasihi katika sekondari ya wasichana, kule kwetu Kenya. Binti alilijua hilo jinsi watoto wanavyoyajua mambo ya wazazi wao, yaani hakulijali. Mpaka mwalimu wake alipowapa insha: chagua mhusika yeyote wa siku hizi, ueleze kama anatosha kuitwa shujaa wa tanzia kwa kipimo cha Wagiriki wa kale. Wenzake walichagua watu wa filamu. Yeye akachagua mtu wa mchezo wa video.

“Dad,” akasema, “wewe si ulikuwa unafundisha tanzia?” Yeye huzungumza Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili, na hapa nimemwandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo masikio yangu yanavyompokea.

Nilikuwa nimesimama jikoni nikila sukuma wiki kutoka kwenye sufuria. Nikaenda nikaondoa nguo kwenye kile kiti, nikaketi.

Tukakubaliana hivi: kila Jumapili nikitoka kanisani, yeye atacheza kule Buffalo na mimi nitatazama kwenye kompyuta yangu, tukisemezana. Sikuthubutu kucheza mwenyewe. Siku ya kwanza aliponifundisha vitufe vya kuchezea, nilimtumbukiza shujaa majini kabla hajasema jina lake.

Shujaa mwenyewe alikuwa mlinzi wa bwawa. Bwawa kubwa, juu milimani, na mji mzima chini yake. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyeirithi kwa babu, na majivuno ya ukoo yalimjaa mpaka kooni. Siku moja anaona ufa kwenye ukuta. Badala ya kuwaambia watu, anauficha na kuuziba mwenyewe. Ndugu yake anakuja na mafundi, anawafukuza. Wazee wa mji wanatuma salamu za kuuliza kama kila kitu ni salama, anajibu kwamba ni salama. Kisha anachimba handaki la kupunguzia maji, peke yake, na kumbe handaki hilo ndilo linaloula ukuta kwa ndani.

“Unaona?” binti akasema. “Ana dosari. Ana kiburi. Na anajiangamiza kwa mikono yake mwenyewe. Anafaa.”

Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, na nikamweleza maana yake, akacheka, akaandika. Siwezi kueleza nilivyofurahi kumsikia akiandika. Vidole vyake kwenye kibodi, upande wa pili wa dunia yangu, akiandika kitu nilichokisema mimi.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kijinga. Akikubali mapema kwamba shujaa anafaa, insha itaisha. Insha ikiisha, Jumapili nazo zitaisha. Kwa hiyo nikaanza kupinga.

Jumapili iliyofuata nikasema shujaa wa tanzia ni lazima awe mtu wa cheo, mfalme au mwana wa mfalme, na huyu ni mfanyakazi wa serikali tu. Akaenda kutafuta, akarudi na hoja kwamba mji mzima unaishi kwa idhini yake, kwa hiyo cheo anacho. Vizuri sana, nikasema, lakini je, kifo? Huyu akianguka mwambani unabonyeza mahali anaamka mzima. Tanzia gani hiyo, ya mtu anayekufa asubuhi na kufufuka kabla ya chai? Hapo nilidhani nimempa kazi ya majuma mawili. Akanijibu papo hapo.

“Anayefufuka ni mchezaji, Dad. Yeye hajui kama amewahi kufa. Kwake yeye kila mara ni mara ya kwanza.”

 Nimefundisha wasichana wengi hodari, na sikumbuki aliyenijibu hivyo. Nilitaka kumwambia, nikaishia kusema, “Ongeza mfano.”

Majuma yakaenda. Mimi napinga, yeye anazidi kunoa. Nilikuwa nikishinda wiki nzima kazini, katikati ya madereva wanaonipigia kelele kwenye simu, nikitafuta pingamizi la Jumapili kama mtu anayetafuta kitoweo. Na nyumba, ambayo siku nyingine ilikuwa na ukimya wa kuudhi, Jumapili ilikuwa na mtu.

Kule nilikokuwa nikisali, katika ibada ya Kiswahili ya Wakongo, waliniuliza mbona nawahi kuondoka. Nikawaambia nina mtoto Buffalo, ananisubiri. Nilijigamba naye sana. Aliyeniuliza zaidi ni mama mmoja wa Kivu anayekaa fleti ya chini yangu na kufanya kazi ya kutunza wazee. Ni mtu wa kukuletea chakula bila kusema neno, akakiacha mlangoni, nawe ukaijua sufuria kwa kifuniko.

Basi ikaja Jumapili ya mwisho wa mchezo. Nilikuwa nimefungua dirisha na mlango nipate hewa. Binti alicheza bila kusema. Ukuta ulianza kuachia. Mlinzi akaiona njia ya maji ndani ya handaki lake mwenyewe, akaelewa kila kitu kwa mara moja, na mchezo ukamwacha amesimama pale ili nasi tumwone akielewa. Kisha akakimbia kupiga kengele, mji ukaanza kuhama, na yeye akabaki ameushikilia mlango wa chuma ili maji yachelewe. Watu wakaokoka wote. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu kule juu. Walipofika ng’ambo wakawasha moto wakala.

“Amekufa,” nikasema, na sauti ikanikatika. “Amekufa peke yake, na hakuna hata mmoja wa kumzika.”

“Sasa anafaa?”

Nikajaribu pingamizi la mwisho. Nikamwambia Wagiriki walikuwa na kundi la waitikiaji, watu wanaosimama pembeni kumwonya shujaa, kumhurumia, na mwishowe kumlilia. Huyu hana. Bila waliaji hiyo si tanzia, ni ajali tu.

“Lakini wewe unalia, Dad.”

“Ni mafua.”

“Basi nitaandika hivyo. Waitikiaji wa mchezo ni wale wanaoutazama.” Nikamsikia akiandika, haraka, kwa furaha. Kisha akasema, “Nimemaliza! Asante sana, umenisaidia kweli. Naenda kwa rafiki yangu sasa, tunasherehekea.” Akakata.

Nililia kama mtu mzima asivyotakiwa kulia. Nililia kwa sauti, kichwa kwenye meza, mlango wazi.

Jioni ile, jua bado lipo, nikasikia viatu vingi kwenye ngazi. Akaingia mama wa chini, kajifunga kitenge kichwani. Nyuma yake mchungaji. Nyuma ya mchungaji akina mama wa kanisa na masufuria, na wanaume wamebeba viti vya kukunja vya kanisani. Waliingia bila kubisha, wakapanga viti ukutani, wakaketi. Hakuna aliyetabasamu.

Kama hujaishi ugenini hutaelewa kilichonipata. Watu wetu hawakuambii msiba kwa simu. Wakipata habari kabla yako, wanakusanyana, wanakuja wengi, wanaketi kwanza. Nilishawahi kuwa mmoja wao, nimeketi kwenye sebule ya mtu nikimwangalia akituhesabu. Sasa nilikuwa nikiwahesabu mimi.

Nikawaza mama yangu kijijini. Lakini hawa watu hawamjui mama yangu, wala hakuna wa kwetu aliye na simu zao. Wanajua mtu wangu mmoja tu. Nimewaimbia habari zake kila Jumapili. Na yeye alikuwa ameniambia anaenda kwa rafiki, na Buffalo bado kulikuwa na barafu barabarani, na wasichana wa umri ule ndio kwanza wanajifunza kuendesha.

Nikanyoosha mkono kuichukua simu. Mama wa chini akaniwahi. Aliichukua taratibu, akaitia kwenye mkoba wake, akanishika mkono. Hivyo ndivyo tunavyomfanyia mfiwa, asije akasikia mengine akiwa peke yake. 

Mchungaji akaomba. Aliomba kwa ajili ya marehemu, hakumtaja. Wakaimba wimbo, wakaimba wa pili. Mimi sikuuliza. Nilihisi nikiuliza tu nitakuwa nimemuua mwenyewe, kwa mdomo wangu. Niliketi nikimwomba Mungu wimbo usiishe.

Ukaisha. Mchungaji akakohoa. “Bon, baba. Pole sana. Sasa utuambie. Ni nani alikufaka?”

Nikamtazama. “Mchungaji, mimi ndiye ninayesubiri mniambie.”

 Watu wakageuka kumtazama mama wa chini, naye akashika kifua.

“Mimi nilikuya kukuletea sombe,” akasema. “Nikafika ku mulango, nikasikia uko unalia. Ulikuwa unasema, amekufa peke yake, hakuna wa kumuzika. Sikuingia. Mutu hawezi kuingia ku kilio mikono mitupu. Nikaenda kuita watu.”

 Nikawaambia mtoto wangu ni mzima. Nikalirudia hilo, ili nilisikie. Kisha, kwa aibu inayoniunguza mpaka leo, nikawaeleza mlinzi wa bwawa ni nani na alikufia wapi.

Mzee mmoja akasimama, akakunja kiti chake kwa kishindo. “Mutu wa jeu? Muchezo ya batoto? Mi niliomba ruhusa ku kazi!” Vijana wawili walikuwa wamefunika nyuso, mabega yakitikisika.

Mama wa chini hakucheka. “Weye ulilia vile juu ya mutu wa kompyuta?”

“Hapana,” nikasema. Sikuwa na nguvu ya kutafuta uongo. “Mtoto wangu alikuwa akinipigia kwa ajili ya insha ya mtu huyo. Leo insha imeisha. Hana sababu tena ya kunipigia, na mimi sijui kumpigia bila sababu. Nina upweke, mama. Huo ndio niliokuwa nikiulilia.”

Niliona mzee aliyesimama akiangalia viatu vyake.

“Donc, basi ni mutoto,” mama akasema. “Iko mbali, na weye uko hapa, na hamuna maneno. Bon. Hiyo nayo ni kilio.” Akamgeukia mzee. “Ukae. Chakula kimeshapikwa.”

Tukala. Ugali wa muhogo wanaouita fufu, sombe ya majani ya muhogo huohuo, na samaki, nyumbani kwangu, ambako hawajawahi kula watu zaidi ya wawili. Na kwa kuwa watu wamekuja kwenye kilio na kilio hakiendi bila kumzungumzia marehemu, wakaanza kuniuliza habari za mlinzi. Alikuwa na mke? Kwa nini alimfukuza ndugu yake? Mzee mkali ndiye aliyekuwa na mengi. Alisema mtu anayekataa ndugu yake na mafundi, unataka afe kifo gani? Mama mmoja akamtetea, akasema wanaume wengi waliotoka vitani wako vile, kila kitu wanafanya peke yao, na mtu asiwalaumu. Wakabishana mpaka sahani zikakauka. Binti yangu alihitaji kuwasikia, nikawaza, na mara nikakumbuka kwamba insha imekwisha kutumwa.

Walipoondoka na viti vyao nyumba ilirudi kuwa kubwa. Mama wa chini alibaki mlangoni, akatoa simu kwenye mkoba.

“Mupigie.”

“Nimwambie nini?”

“Mi sijui. Mupigie tu.”

Nikasubiri ashuke ngazi. Kisha nikapiga. Alipokea kukiwa na muziki na vicheko nyuma yake.

“Dad? Kuna kitu tumesahau kwenye insha?”

“Hapana.”

“Kuna nini basi?”

“Hakuna. Nimepiga tu.”

 Nilijua kinachofuata, atasema yuko na watu, tutaongea siku nyingine, na mimi nitasema sawa, sawa kabisa.

“Ile saa ulipolia,” akasema. “Ulikuwa unamlilia yule mlinzi kweli?”

“Hapana.”

“Nilijua,” akasema. Muziki uliendelea, mtu akamwita kwa jina, hakuitika. “Subiri, Dad. Nifunge mlango kwanza.”